Usihame kwa Aibu, Usibaki kwa Ubishi

Barua ya kwanza ya benki, katika nyumba nyingi za Bujumbura, husomwa na mtu mmoja tu. Baba huipokea, huikunja, huichomeka katikati ya risiti za REGIDESO, shirika la maji na umeme, kisha maisha yanaendelea: watoto wanakwenda shule, mzamu analipwa mwisho wa mwezi, wageni wanakirimiwa. Mama hujua baadaye, siku huissier wa mahakama anapobisha hodi na karatasi yenye mhuri, majirani nao wamesimama njiani wanatazama. Hapo ndipo watu hutafuta ushauri, na swali lao huwa moja: tuhame lini?

Nimeshughulika na mikopo ya nyumba kwa muda mrefu katika mji huu, na jibu langu ni hili: hama pale kubaki kunapokula zaidi ya kuondoka. Siku hiyo haiandikwi kwenye barua ya benki, wala huissier haijui. Inapatikana kwa hesabu, na hesabu hiyo inafaa ipigwe na mume na mke pamoja, mapema, nyumba ikiwa bado kwa jina lao. Anayehama kwa aibu mara barua ya kwanza ikifika hupoteza. Anayebaki kwa ubishi mpaka polisi waje hupoteza zaidi.

Mji wetu umeingia kwenye madeni haya kwa njia zake. Jumapili ya tarehe 27 Januari 2013, soko kuu la Bujumbura liliungua. Moto ulikuwa mkubwa kuliko uwezo wa wazimamoto wetu, Rwanda ikatuma helikopta kusaidia kuuzima, na uwanja ule ukakaa gofu kwa zaidi ya miaka kumi. Wafanyabiashara wengi wa pale walikuwa wamekopa ili wajaze bidhaa, na kilichowekwa rehani ni nyumba: ya Bwiza, ya Nyakabiga, ya Buyenzi, ya Ngagara. Mtu akabaki na majivu sokoni na rehani nyumbani. Hakuwa mvivu wala mlaghai, lakini mkataba wa mkopo haukuuliza soko limeungua kwa kosa la nani.

Ukaja mgogoro wa kisiasa wa Aprili 2015. Kufikia 2017 zaidi ya watu laki nne walikuwa wamekimbilia nchi jirani, na baadhi yao waliacha nyuma nyumba zenye mikopo. Waliobaki nao walibanwa. Umoja wa Ulaya ulisimamisha msaada wake wa moja kwa moja kwa serikali mwezi Machi 2016, mashirika ya kigeni yakapunguza watu, na nyumba za Kinindo, Kiriri na Rohero zilizojengwa kwa mkopo zikitegemea mpangaji wa shirika zikakosa mpangaji. Niliona nyumba nzuri zenye bustani zikikaa miezi na miezi zimefungwa, huku benki ikihesabu riba kila siku, hata Jumapili.

Kisha Mei 2023 Benki Kuu, BRB, ilishusha thamani ya faranga. Dola moja ikatoka faranga kama 2,080 hadi zaidi ya 2,800 kwa bei ya serikali. Mtaani tayari ilikuwa juu ya hapo. Jambo hili nitalirudia, kwa sababu limegeuza hesabu ya kila mwenye nyumba yenye deni, na wengi hawajalitambua.

Kwanza tuelewe saa inavyokwenda. Ukikosa kulipa mwezi mmoja au miwili, bado unazungumza na ofisa wa mikopo, yule yule aliyekupokea siku ya kufungua dosye. Huyu anataka mkopo wako upone, maana mkopo ukifa unamharibia jina. Siku 90 zikipita bila malipo, kanuni za benki zinautoa mkopo kwenye kundi la mikopo mizima. Benki inalazimika kutenga fedha zake kufidia hasara inayotarajiwa, na dosye yako inasogea kwenda idara ya contentieux, ya madeni yenye mgogoro. Huko hawakujui. Wao wana mkataba, jedwali la malipo na wakili. Kwa hiyo siku zile 90 ndizo zenye thamani kuliko zote katika jambo hili, na ndizo watu wanazozimaliza kwa kujificha na kuzima simu.

Baada ya hapo hufuata barua rasmi ya kukutaka ulipe, kisha hati ya huissier ya kukuamuru ulipe, inayoitwa commandement, kisha kukamatwa kwa nyumba, tangazo la mnada, mnada wenyewe, na mwisho kabisa kutolewa nje. Kati ya hatua na hatua inaweza kupita miezi, kutegemea mahakama na wakili. Lakini chukua mkataba wako uusome: kama una kifungu ambacho mawakili wanakiita voie parée, maana yake ulikwisha kukubali benki iuze nyumba bila kungoja hukumu. Mwenye kifungu hicho asijipe matumaini ya kesi itakayodumu miaka. Nenda pia kwenye ofisi ya hati za ardhi uhakikishe kilichoandikishwa. Kwa sheria ya ardhi ya Agosti 2011, rehani ya nyumba huandikishwa huko, na mara nyingine mtu hugundua kwamba nyumba yake ina rehani mbili, ya pili ikiwa ile aliyosaini kumdhamini shemeji akaisahau.

Sasa tuje kwa anayehama mapema. Barua imefika, moyo umemwenda mbio, na kwa kuogopa macho ya majirani anapakia vitu usiku, anafunga geti na kuhamia kwa kaka yake Kanyosha au kwenye ardhi ya baba yake huko milimani. Anaona amelimaliza jambo kwa heshima. Kumbe nyumba bado ni yake, deni bado ni lake, kodi ya majengo bado ni yake, na bili ya maji ya REGIDESO bado inatoka kwa jina lake. Nyumba tupu ya Bujumbura haikai salama. Kwanza huondoka taa za nje na nyaya za umeme. Kisha milango ya ndani, sinki, bomba za choo. Mvua za Machi na Aprili zikija na bati moja limefumuka, dari inaloa, mchwa wanapanda kwenye mbao za paa. Baada ya mwaka, mtathmini wa benki anakuja na kamera, anaandika bei ya chini, na bei hiyo ndiyo inayokatwa kwenye deni lako. Umekaa mahali pengine mwaka mzima ili nyumba yako ishuke thamani.

Wamarekani walijifunza somo hili kwa uchungu baada ya mgogoro wa mikopo wa 2008. Katika miji kama Cleveland kulikuwa na watu waliohama mara walipopata taarifa ya benki, wakidhani wameachana na nyumba. Benki zikaona gharama ya kumaliza kesi ni kubwa kuliko faida ya kuuza, zikaziacha kesi katikati. Miaka ikapita, mwenye nyumba akaanza kudaiwa na manispaa kodi na faini za nyasi ndefu na kuta zilizoanguka, kwenye nyumba aliyoamini si yake tena. Hati haikuwahi kutoka kwenye jina lake. Kuondoka mlangoni hakumtoi mtu kwenye hati, si huko wala hapa.

Waliokimbia mwaka 2015 hawana lawama, maana roho inatangulia nyumba. Ila wale walioacha barua ya uwakilishi kwa ndugu mwaminifu walikuwa na mtu wa kwenda benki, wa kupangisha nyumba, wa kupokea karatasi za mahakama. Ambao hawakuacha mtu waliitwa kwa matangazo ambayo hawakuweza kuyaona, kesi zikaendelea bila wao. Yeyote anayeondoka nchini leo akiwa na mkopo, hata kama anakwenda Oman au Canada kutafuta riziki kwa heri, aache barua hiyo kwa notari kabla ya kukata tiketi.

Kati ya kubaki na kuhama kuna njia ambayo ujenzi wa mji wetu umetupa, na nasikitika kwamba haitumiki vya kutosha. Parseli nyingi za Bujumbura zina nyumba kubwa mbele na vyumba nyuma, anexe, ambamo wanakaa wapangaji, wafanyakazi au ndugu kutoka milimani. Familia inayoona mshahara hautoshi inaweza kuhamia anexe na kupangisha nyumba ya mbele. Bado uko kwenye parseli, unailinda nyumba kwa macho yako, watoto hawabadilishi shule, na kodi ya mpangaji inakwenda moja kwa moja kwenye akaunti ya mkopo. Kama hakuna anexe, unaweza kupangisha nyumba nzima ya Kinindo na wewe ukapanga nyumba ndogo Kinama au Buterere. Hapo angalia nauli. Kwa uhaba wa mafuta uliotuandama miaka hii, nyumba ya bei rahisi iliyo mbali inaweza kumeza kwenye usafiri kile ulichookoa kwenye kodi, na mtoto akachelewa shule kila siku kwa kukosa basi.

Kuhama kwa namna hii kufanyike mapema, ndani ya zile siku 90, na benki ijulishwe kwa maandishi. Peleka mkataba wa mpangaji, omba kodi iingie kwenye akaunti ya mkopo, omba muda wa mkopo urefushwe. Ofisa wa mikopo akiona kodi ya mpangaji kwenye karatasi, ana kitu cha kupeleka kwa wakubwa wake. Ukimletea huzuni peke yake, hana cha kupeleka. Najua kuna anayeona haya kuonekana anaishi kwenye vyumba alivyowajengea wafanyakazi. Haya hiyo naielewa, na bado nasema ihame pamoja nawe kwenye anexe, mradi nyumba ibaki.

Vipi ikiwa hakuna mpangaji wala mshahara, na kila njia imefungwa? Hapo ndipo hesabu inapokuwa kali. Tuseme unadaiwa milioni 80, na riba pamoja na adhabu ya kuchelewa vinafika asilimia 18 kwa mwaka. Kila mwezi deni linaongezeka kwa milioni 1 na laki 2. Tuseme nyumba ya hadhi ile ile ungeipanga kwa laki 6. Unayejiambia kwamba unakaa bure unalipa mara mbili ya kodi, ila unailipa kwa kumega thamani ya nyumba yako, na kwa kuwa hakuna fedha inayotoka mfukoni, huoni.

Tuendelee. Nyumba hiyo sokoni, ukiiuza mwenyewe bila haraka, inaleta milioni 150. Ukilipa deni milioni 80, na ukitoa milioni 8 za komisioneri na makaratasi, unabaki na milioni 62: fedha za kununua parseli ndogo nje ya mji au kuanza biashara. Ukingoja mwaka mmoja mpaka mnada, deni limefika milioni 94 na laki 4, gharama za wakili, huissier na matangazo tuseme milioni 5, na mnadani nyumba inauzwa milioni 100 kwa sababu wanaokuja mnadani wanatafuta cha rahisi. Unabaki na laki 6, kodi ya mwezi mmoja. Ni familia ile ile na kuta zile zile; zaidi ya milioni 61 zimekwenda kwa kungoja.

Hapa narudi kwenye faranga. Deni lako limeandikwa kwa faranga, na faranga ya mwaka 2018 si ya leo. Bei ya nyumba katika kartye nzuri za Bujumbura, hata ikitajwa kwa faranga, moyoni mwa muuzaji na mnunuzi inapimwa kwa dola. Kwa hiyo aliyekopa kabla ya 2023 anaweza kukuta nyumba yake imepanda kwa faranga kuliko deni lilivyopanda. Kuna anayenijibu kwamba basi heri kungoja, nyumba ipande zaidi. Hoja hiyo ina nguvu kwa anayelipa mkopo wake au anayelipiwa na mpangaji. Kwa asiyelipa ni mtego, kwa sababu ongezeko la bei ni lako ukiuza mwenyewe. Mnadani unalichukua mnunuzi. Watu wengi wanaodhani hawana kitu wamekalia mali kubwa, na wanaiachia ipigwe nyundo kwa kuogopa kwenda kuuliza bei.

Ukiamua kuuza, usiuze kwa siri, na usimkabidhi mnunuzi funguo kwa ahadi. Nenda benki, uombe barua yenye kiasi kamili cha deni mpaka tarehe fulani. Mnunuzi alipe kwenye akaunti hiyo, benki itoe hati ya kuondoa rehani, mainlevée, kisha uhamisho uandikwe kwenye ofisi ya hati. Tarehe ya kuhama iandikwe ndani ya mkataba wa mauzo, mwezi mmoja au miwili baada ya malipo, ikiwezekana baada ya mitihani ya watoto ya mwisho wa mwaka wa shule. Hii ndiyo tarehe bora ya kuhama kuliko zote, kwa kuwa umeipanga mwenyewe na una fedha mkononi za garanti, ile amana ya upangaji, kwa mwenye nyumba mpya. Nawasihi watu jambo moja: msimpe ofisa wa benki faranga ya mwisho iliyopo nyumbani ili kununua mwezi mmoja zaidi, kama hamjui mwezi unaofuata utalipwa na nini. Bakisheni garanti na nauli ya gari la kuhamia. Nimeona familia zilizotoa kila kitu mwezi wa nne, zikatolewa nje mwezi wa saba bila hata fedha ya kupanga chumba.

Kuna deni jingine, na hili sina maneno laini juu yake: la watu tunaowaita Banque Lambert. Mtu anakopesha kwa riba ya mwezi ambayo benki haithubutu kuiandika kwa mwaka, na badala ya kuandikisha rehani anakusainisha hati ya kuuza nyumba, yenye bei na saini za mashahidi. Ukilipa, anaichana. Usipolipa, anakuja nayo akisema ulimuuzia. Hapa ushauri wangu unageuka: usihame. Ukiondoka kwa hiari umemsaidia kuthibitisha kwamba uliuza. Baki ndani, kusanya kila ushahidi wa malipo, ujumbe wa simu, mashahidi waliokuwapo fedha zilipotolewa, kisha tafuta wakili wiki hiyo hiyo. Mauzo ya kweli huwa na mnunuzi aliyeingia na muuzaji aliyetoka. Mahakama itauliza kwa nini muuzaji aliendelea kukaa, kupaka rangi na kulipa kodi ya majengo.

Mwingine asiyepaswa kufanya haraka ya kuhama ni mjane. Katika Buyenzi nimekutana na wajane ambao wakwe na benki waliwajia kwa wakati mmoja, huyu akitaka urithi, yule akitaka deni, na mama wa watu hata eda hajamaliza. Kabla ya kujadili chochote, mtu wa kuaminika aende benki aulize neno moja: bima. Mikopo mingi ya nyumba hutolewa pamoja na bima ya maisha inayolipa salio mkopaji akifa. Malipo yake yalikuwa yakikatwa pamoja na mkopo, marehemu akiwa hai, na mke hakuambiwa. Omba nakala ya mkataba wa bima, peleka cheti cha kifo, tunza risiti ya kuvipokea. Huku jambo hilo likishughulikiwa, mjane akae kwake. Kwa nyumba za urithi, ambazo Buyenzi ni nyingi, mtoto mmoja akiwa ameiweka rehani nyumba ya marehemu baba yao, ndugu wengine wadai kuonyeshwa walisaini wapi. Kama hawakusaini, wana la kusema mahakamani, na wasitoke kwa kutishwa na barua ambayo haikuandikiwa wao.

Wenye nyumba za kando ya ziwa wana hali yao. Tanganyika ilipopanda na Rusizi kufurika, kuanzia 2020, Gatumba na maeneo ya pwani yaliona maji yakiingia vyumbani. Sheria ya maji ya 2012 inataka nafasi ya mita 150 kutoka ziwani, na baadhi ya nyumba zilizoingiliwa zilikuwa ndani ya mpaka huo zikiwa na hati na mkopo. Maji yakiingia, toka. Hakuna hesabu ya riba inayoizidi roho ya mtoto. Lakini siku utakayotoka piga picha za kila chumba, iandikie benki barua yenye tarehe, uombe malipo yasimamishwe kwa muda na mkopo upangwe upya. Nyumba imezama, ila kwenye daftari la benki haijazama, na anayenyamaza anahesabiwa kuwa mkaidi sawa na mdaiwa wa mlimani ambaye nyumba yake haikuguswa na maji.

Majirani zetu wamejaribu kuandika subira ndani ya sheria. Nchini Kenya, kwa Sheria ya Ardhi ya 2012, mkopeshaji anatoa kwanza notisi ya miezi mitatu, kisha notisi ya kuuza ya siku 40, na dalali naye anatoa yake ya siku 45. Nyumba ikiuzwa kwa asilimia 25 au zaidi chini ya bei ya soko, sheria inachukulia kwamba mkopeshaji amekiuka wajibu wake mpaka athibitishe vinginevyo. Tanzania ina kipimo cha namna hiyo. Nchini Uganda, kwa kanuni za rehani za 2012, anayetaka mahakama isimamishe mnada anaweza kutakiwa aweke kwanza asilimia 30. Napenda kipimo cha Kenya cha bei, na ningefurahi kuona mawakili wetu wakidai mahakamani tathmini ya karibuni kabla ya kila mnada. Lakini hata Nairobi nimeona siku hizo zikitumiwa vibaya. Mtu anapata miezi kadhaa ya sheria, anaimaliza kwa kesi za kuchelewesha zinazolipwa kwa fedha ambazo zingekuwa garanti ya nyumba mpya. Muda ni mali ya mwenye mnunuzi, mpangaji au mshahara unaokuja. Asiye na hata kimoja anaongezewa riba.

Na mnada ukishapita? Hapo hakuna tena hesabu ya kubaki. Mawakili wanaweza kupinga utaratibu uliokiukwa, na kama ulikiukwa kweli wapinge upesi. La sivyo, muombe mnunuzi au huissier wiki chache kwa maandishi. Wengi hukubali, kwa kuwa kuleta polisi ni gharama na fedheha kwao pia. Ukikataa kutoka, mwisho wake ni nguvu. Mei 2013, huko Ngagara, Tume ya Ardhi na Mali Nyingine ilikuwa imeamua nyumba irudishwe kwa mwenyewe wa zamani. Vijana wa kartye walisimama kuzuia familia isitolewe, polisi wakatumia mabomu ya machozi. Haikuwa kesi ya benki, na uchungu wa watu wale haukuwa mdogo. Lakini kila aliyewahi kuona familia ikitolewa kwa nguvu anajua hatua ya mwisho inavyokuwa: magodoro barabarani, sufuria zenye chakula cha jana, madaftari ya watoto yakikanyagwa, na wezi wamo katikati ya wasaidizi.

Unapotoka, usiondoe milango, madirisha wala bati. Hasira inaeleweka, lakini vitu hivyo viliuzwa pamoja na nyumba na unaweza kushtakiwa. Andika kiasi kilicho kwenye mita ya umeme na ya maji, vunja mkataba wa REGIDESO ulio kwa jina lako, kabidhi funguo kwa karatasi iliyosainiwa na pande mbili. Kisha nenda ukaombe hesabu ya mnada. Ikiwa nyumba imeuzwa kwa zaidi ya deni na gharama, ziada ni yako baada ya wadai wengine kulipwa, na hakuna atakayekutafuta kukuletea. Ikiwa imeuzwa kwa pungufu, salio bado unadaiwa, na linaweza kukatwa kwenye mshahara wako au kumwangukia mdhamini wako. Wadhamini nao wana haki ya kuambiwa mapema. Ni ndugu na wafanyakazi wenzetu, na urafiki wa miaka umevunjika kwa sababu mdhamini alijua habari siku mshahara wake ulipokatwa.

Kukopa harusi, kulipa matanga, wazee walisema, na Bujumbura matanga haya yanawakuta watu waliofanya kazi kwa bidii. Kwa hiyo kwa aliye na barua ya benki iliyofichwa nyumbani, ombi langu ni dogo. Itoe leo, mwonyeshe mwenzako wa ndoa, mwandike kwenye karatasi moja deni, riba ya mwezi, bei ya nyumba leo na kodi inayoweza kupatikana. Kesho asubuhi mwende benki wawili, mkiwa na karatasi hiyo, kabla ya siku 90 kwisha.